Mvua Niliyoimwaga Bila Kuipima

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa nne, Upendo mwanangu, nilisimama nyuma ya darasa kule Nkoaranga na chupa mkononi, imejaa maji ya mvua hadi shingoni. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikayamwaga kwenye majani. Jambo lenyewe halikuchukua hata dakika. Nimekaa nalo zaidi ya miaka hamsini, na leo nimeona nikusimulie kwa sababu ya yale yaliyosemwa jana mezani.

Jana uliposema umepata nafasi chuoni kusomea utengenezaji wa satelaiti, baba yako mdogo alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Akasema, "Satelaiti? Greda la barabara tunalisubiri mwaka wa ngapi huu? Zahanati ukienda unaambiwa dawa kanunue mwenyewe, halafu nchi ipeleke chuma angani!" Watu wakacheka. Wewe nawe ukacheka nao, lakini baadaye nikakusikia jikoni ukimwambia bibi yako labda usome uhasibu tu, na kwamba mwisho wa kuthibitisha nafasi ni Jumatatu. Mimi nikanyamaza. Usidhani ilikuwa hekima. Nilinyamaza kwa sababu maneno ya baba yako mdogo nilikuwa nayajua vizuri. Niliyasema mimi kabla yeye hajazaliwa.

Wewe ni mjukuu wangu, ila nimezoea kukuita mwanangu na sitabadilisha leo. Weka hiyo simu pembeni, unisikilize.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule nimemaliza, hesabu nazijua, shamba silipendi. Mwalimu mkuu akanipa kazi ya kusoma kipima mvua. Kilikuwa mkebe wa bati uliosimikwa kwenye majani, ndani una faneli na chupa. Kila siku saa tatu asubuhi unatoa chupa, unamimina maji kwenye gilasi yenye mistari, unasoma milimita, unaandika kwenye kadi. Kama haikunyesha unaandika sifuri. Basi. Kazi ya dakika tano, na hakuna mtu aliyekuwa ananipa hata ahsante.

Nikaanza kuidharau. Nilikuwa na rafiki zangu wa mpira mjini Arusha, na tukikaa baada ya mazoezi nawachekesha: "Kijijini kwetu bomba hakuna, zahanati haina dawa, lakini serikali inataka kujua yamedondoka matone mangapi." Wanacheka. Na mimi nikiona watu wanacheka nadhani nimesema la maana, ugonjwa ambao katika ukoo wetu haujaisha. Mdharau mwiba mguu huota tende, wazee walituambia, ila kijana akisikia methali anadhani imetungwa kwa ajili ya watu wengine.

Sasa nikueleze ile kadi ilikuwa ya nini, maana hata mimi nilielezwa nikawa sisikilizi. Miaka ile kahawa ilikuwa inashambuliwa na chulebuni, ugonjwa unaolifanya tunda likiwa bado kijani liwe jeusi na kuanguka. Kinga yake ilikuwa kupuliza dawa ya mrututu, ile ya bluu. Mvua kubwa ikinyesha inaiosha dawa kwenye mti, inabidi upulize tena. Na dawa ilikuwa haba. Bwana shamba alikuwa na vijiji vingi vya kuhudumia na mifuko michache kwenye gari. Angewauliza wakulima? Kila kijiji kingeapa kwamba kwake ndiko kumenyesha gharika. Kwa hiyo alikuwa anapita shuleni, anasoma kadi, na kadi ndiyo inayomwambia dawa aishushe wapi.

Wiki ile nilishuka mjini Jumapili baada ya ibada, nikasema nitarudi kesho yake. Nilirudi Jumamosi. Huko mjini ilikuwa manyunyu tu, hata vumbi halikulala. Nikafika Nkoaranga nikakuta vijia vimekuwa mifereji, napanda hatua mbili nateleza moja, migomba imelala. Chupa imejaa, na maji mengine yamemwagikia ndani ya mkebe. Ningeyapima yale maji na kuyaandika, ingejulikana kwamba wiki nzima sikuwepo. Nikayamwaga. Kisha nikaketi kwenye ngazi ya darasa, nikaandika mvua ya siku sita kwa mkupuo mmoja, nikifuata nilichokiona mjini: kidogo, kidogo, sifuri, kidogo. Nikabadilisha na mwandiko kidogo ili ionekane niliandika siku tofauti. Bibi yako anasema hapo natia chumvi. Sitii, na yeye hakuwepo.

Nilipoinua kichwa nikamwona Mzee Sauli amesimama kwenye uzio wa masale. Alikuwa mzee wa usharika wetu, shamba lake linapakana na shule. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Akaniuliza, "Mvua ya wiki hii imefika ngapi?"

"Kidogo tu, mzee."

Akatazama miguu yake iliyojaa tope hadi magotini, akanitazama mimi, akaenda zake. Nikashusha pumzi, nikajiona mjanja.

Bwana shamba alikuja Jumatatu. Wakulima wakamwambia imenyesha mno, dawa yote imeoshwa. Yeye akawaonyesha kadi, akasema kila anakokwenda anaambiwa hivyo hivyo, na yeye hana kitu kingine cha kufuata isipokuwa karatasi. Akaondoka na mifuko yake, akaishusha kijiji kingine.

Shamba lililoumia kuliko yote lilikuwa la Mama Anaeli, mjane aliyekuwa jirani yetu. Binti yake Anaeli nilisoma naye darasa moja, na kusema kweli alikuwa ananipita karibu kila somo. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Ada yake ilikuwa ndani ya kahawa ile, mahali pengine pa kuitoa hapakuwepo. Sanduku la bati la kwendea chuoni lilikuwa limeshanunuliwa na jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe. Zikapita wiki chache, matunda yakaanza kuwa meusi, na chini ya mibuni pakawa kama mtu amemwaga mkaa.

Jumapili moja Mama Anaeli alisimama kanisani akaomba aombewe. Alisema anaamini kuna jambo amemkosea Mungu, ila halijui ni lipi. Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Nilisikia kila neno, nikanyamaza. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo, mwanangu, kuliko hata pale kwenye chupa.

Jioni ile Mzee Sauli akanifuata nyumbani. Hakupaza sauti. Alisema, "Mimi sikusoma. Siku ile nilikuona unamwaga, nikakuuliza makusudi, ukasema kidogo. Nikajiambia huyu kijana amesoma, labda anajua nisichokijua. Macho yangu yaliona tope, nikaacha kuyaamini, nikakuamini wewe."

Nikajitetea. Nikamwambia bomba hatuna, zahanati haina dawa, kadi ile ingetusaidia nini. Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyekataa kunawa. Akasema, "Tungekuwa na dawa ya kutosha kila shamba, nani angeitaka kadi yako? Tajiri akikosea anarudia. Sisi tukikosea ndiyo imetoka. Mwenye kidogo ndiye anayepaswa kupima."

Akanishika mkono akanipeleka kwa Mama Anaeli nikaseme mwenyewe. Nikasema, tangu nilivyoshuka mjini hadi nilivyomwaga. Mama yule alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, mikono ikasimama. Nilitegemea matusi, nilikuwa nayataka. Hakunitukana. Alimgeukia binti yake, akamwambia taratibu, "Kumbe haikuwa Mungu."

Sijawahi kupigwa namna ile. Anaeli hakwenda chuo mwaka ule, na mwaka uliofuata ile nafasi haikuwepo tena. Aliolewa Momela, akalima, akalea watoto. Tukikutana msibani au harusini ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za magoti yangu. Namjibu, na kila mara naona aibu.

Sasa turudi kwako. Baba yako mdogo si mjinga, na usimjibu kama mjinga. Anachoogopa ni kwamba fedha ya satelaiti itatoka mdomoni mwa mgonjwa, na inaweza ikawa hivyo kweli. Nikisikia kiongozi anataka tupeleke roketi ili bendera yetu nayo ionekane huko juu, mimi nitahamia upande wa baba yako mdogo na nitacheka kumpita yeye. Mwezini hakuna kahawa. Na tukirusha chombo kwa vigelegele na ngoma, halafu pasiwepo mtu wa kukaa kila siku asome kinachotuma, tutakuwa tumenunua bati la bei mbaya.

Lakini kuna kosa moja katika kile kicheko, na nalijua kwa kuwa lilikuwa langu. Tunadhani kupima ni starehe ya walioshiba. Utaniambia kipima mvua si satelaiti. Sawa, mkebe wangu ulijua habari za mdomo wake tu. Mlima wetu huu wa Meru unagawa mvua unavyopenda: Nkoaranga watu wanateleza, Momela ng'ombe wanatimua vumbi, siku hiyo hiyo moja. Ukitaka kuuona mlima wote kwa pamoja, uone wapi pamekauka, wapi maji yanakuja kubomoa, wapi mashamba yameanza kunyauka kabla mwenyewe hajajua, lazima jicho liwe juu. Hizo picha za mawingu tunazoonyeshwa kwenye televisheni zinapigwa na vyombo vya wengine. Wanatupa, na tunashukuru. Ila wao walivirusha ili vijibu maswali yao. Swali la mjane wa Meru mwenye mibuni yake michache ataliuliza nani? Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kuna na ile nyingine ya nguo ya kuazima na kile isichositiri, bibi yako hataki niiseme mbele ya wajukuu.

Kwa hiyo mimi nasema nchi zetu ziende huko juu, ziende kwa kiasi. Zianze na watu kabla ya vyuma. Zianze na chombo kidogo chenye swali la kwetu ndani yake, na kila shilingi iweze kuelezwa kwa mtu aliyekosa dawa zahanati, akaelewa. Asipoelewa, kosa ni letu tuliosoma.

Nasaha yangu basi ni hii. Jumatatu thibitisha nafasi yako. Usiache njia kwa sababu ya kicheko cha mezani. Mimi kicheko kiliniharibu kwa upande wa pili, nilikipenda mno. Ukimaliza masomo urudi, na ukirudi usiwadharau wenye tope miguuni. Wao wameiona mvua kabla ya mashine yako. Waulize. Na katika kazi yako itafika siku utakosa kupima, kwa uvivu au kwa ugonjwa au kwa chombo kuharibika. Siku hiyo acha nafasi wazi, uandike "haikupimwa". Usijaze. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Laiti ningeiacha ile kadi tupu, bwana shamba angeshangaa, angeshuka kwenye gari awaulize wakulima, nao wangemwonyesha migomba iliyolala. Utupu ungemfanya aulize. Tarakimu zangu ndizo zilizomfunga mdomo.

Mungu akutangulie, Upendo. Akupe macho ya kuona mbali na mkono wa kuandika ulichokiona, hata kiwe sifuri, hata kiwe aibu yako mwenyewe. Akupe na wazee wa kukuuliza, na wakikuuliza ulimi wako usiteleze kama wangu. Nenda ukasome, mwanangu, ili mama wa watu asije tena kusimama kanisani akiomba msamaha kwa kosa la mtu aliyesoma.