Mdakaji Aliyezaliwa Machi

Kila mwaka mpya, katika kanisa la Wakongomani mtaani Gulfton, Houston, nusu ya waumini husimama kuombewa kwa siku yao ya kuzaliwa. Kule Afrika, katika kambi ya wakimbizi, karani aliyekosa tarehe ya mkimbizi alimwandikia Januari mosi, na mwaka akaukisia. "Mama zetu walipatana!" watu hutaniana.

Ushindi naye aliandikwa hivyo: Januari mosi 1996. Mama yake, Cécile, alijua kwamba alimzaa Machi 1993, na hakumficha.

Alijifunza besiboli shuleni Houston, akawa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira. Mwaka 2018 timu ndogo ya kulipwa karibu na Fort Worth ikamsajili. Ligi yao ilitaka wachezaji kadhaa wawe chini ya miaka ishirini na mitatu. Mdakaji mwenzake, Dustin, alipofikisha umri huo mwezi Juni, aliachwa na timu, na nafasi yake akapewa Ushindi. Dustin alimwachia glavu yake.

"Wewe bado kijana," alimwambia. "Itumie."

Ushindi alikuwa na miaka ishirini na mitano.

Alicheza mechi kumi na moja. Kisha akampigia mama yake simu: angemweleza kocha ukweli.

"Karani njo aliandika, si wewe," Cécile alisema. "Nyamaza, papa, mtoto wangu, cheza. Unataka watunyang'anye makaratasi ya kuikala huku?"

"Maman, mkono wenye iko ndani ya hii glavu ni wangu."

Kocha alimsikiliza hadi mwisho. "Ungenyamaza tu, bwana," alisema, na jioni hiyo akamtoa timuni. Dustin hakurudishwa; alichukuliwa mtu wa tatu. Ushindi alimpelekea glavu kwake Arlington. Dustin aliipokea mlangoni, asimkaribishe ndani.

Wapo wanaosema ukweli ule haukumfaa mtu. Haukumfaa, kweli. Lakini nafasi ya mwenzako haiwi yako kwa kuwa karani alikosea nawe unajua. Kosa la Ushindi ni zile mechi kumi na moja.

Januari mosi 2020 alikuwa kanisani, sasa mpakiaji mizigo ghalani. Mchungaji aliwaita wenye siku yao. Cécile, naye aliyeandikiwa Januari mosi, akasimama pamoja na wengine. Ushindi akabaki ameketi.

"Simama," mama alinong'ona, akimvuta shati. "Watu wanaona."

Hakusimama. Mama akaliachia shati. Maombi yalipokwisha, alikwenda kuketi benchi jingine.