Mbega wa Kompyuta

Kwenye kaunta ya ofisi moja mjini Embu, mbele yangu alisimama mama mwenye buti za matope. Kazi yake ni kuzunguka msituni akihesabu wanyama. Karani aligonga fomu yake kwa kidole.

"Madam, hapa kwa mbega umeandika sifuri."

"Nimetembea siku tisa. Sijaona hata mmoja."

"Kompyuta inakataa sifuri. Weka moja tu, tumalize."

Mama alibofya kalamu, akaangalia mlango, akabofya tena.

"Nikiweka mmoja, nani atashtuka kwamba wameisha?"

Karani akaijaza hiyo moja yeye mwenyewe, akaniita mimi.

Tangu siku hiyo situlii. Msitu wetu ukiisha wote, kwenye kompyuta bado kutakuwa na mbega mmoja, mzima na mwenye afya.