Mgeni Asiye na Rangi

Usiponiamini, shauri yako. Siku hiyo sikuwa na homa, sikuwa nimetafuna miraa, na ilikuwa saa saba mchana, jua la Isiolo likiwaka utosini. Wanaosema mambo haya hutokea gizani tu, hawajakutana nayo.

Kwanza ujue kitu kimoja. Tangu utotoni, sauti huniletea rangi. Adhana ya alfajiri ni buluu. Mama akiniita, naona njano ya kiini cha yai. Jumatano ina ladha ya chumvi. Nilidhani kila mtu yuko hivyo, mpaka nilipomwambia mwalimu kwamba jina lake ni zambarau, nikachapwa. Abti, yaani mjomba wangu aliyenilea, alimwita shekhe anisomee, mara tatu. Rangi hazikutoka, na mimi sikutaka zitoke. Nyinyi husikia harufu, husikia baridi, husikia njaa. Nani amewahi kuwaitia shekhe?

Mwaka ule wa ukame, katika miaka ya themanini, nilikuwa dereva wa lori la Abti. Ngamia wake wote walikuwa upande wa Kipsing na mchungaji wetu, Galgalo. Wiki tatu hatukupata habari yao. Wakifa wale, tumekwisha.

Basi tuko dukani kwa Abti, mtaa wa Wabera pale Isiolo, akaingia mwanamume mrefu aliyejifunga shuka. Akatoa salaam aleikum, tukaitikia. Akaweka kengele ya mti juu ya kaunta. Akasema ngamia wetu amewaona, mchungaji ni mgonjwa, tulete lori atuonyeshe njia.

Abti aliichukua kengele, akaigeuzageuza. Aliichonga mwenyewe, kama kila mwenye ngamia anavyochonga yake, ili amjue mnyama wake kwa mlio akiwa mbali. Akatuonyesha pale kisu kilipoteleza. Akaitikisa. Ko, ko, ko.

Mlio wa kengele ile niliujua tangu nikiwa mdogo: rangi ya samli inayoyeyuka. Sasa niliusikia sawasawa, lakini sikuona kitu. Na mgeni alipoendelea kuongea, ikawa vilevile. Niamini, hata mbuzi ana rangi. Hata mlango unaolia una rangi. Utupu ule sikuwahi kukutana nao.

"Abti," nikasema, "tusiende na huyu. Hana rangi."

Wateja wakacheka. "Dereva, na mimi leo niko rangi gani?" mmoja akauliza. "Ya chapati?"

"Wariya, we kijana, lete ufunguo," Abti akaniambia. "Nitatafuta dereva mwenye akili."

Ningefanya nini? Nilipita mlango wa nyuma, nikautupa ufunguo ndani ya choo cha shimo, nikarudi nikawaambia. Abti alinizaba kofi mbele ya watu, akasema nisilale kwake tena. Mgeni hakukasirika. Alinitazama, akasema, "Huyu amesikia," akatoka. Waliomfuata mpaka mlangoni walikuta barabara haina mtu, huku wala huko.

Siku ya tatu Galgalo aliingia mjini kupitia mtaa wa Chechelesi na ngamia wote, wamekonda lakini wazima. Hakuwa ameugua hata siku moja. Ngamia jike aliyetangulia alikuwa na kengele yake shingoni, na kisu kilikuwa kimeteleza palepale.

Abti akaichukua ile ya kaunta akaitupa motoni. Tulikuwa watu saba. Moshi ulitupiga usoni, na hakuna aliyesikia harufu yoyote. Aliyeniuliza habari ya chapati ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia.

Abti alinitaka nirudi, ila nisomewe mara moja tu zaidi. Nilikataa, nikaondoka. Nimezunguka Marsabit, Garissa, Nakuru, na bado naikumbuka Isiolo kwa buluu ile ya alfajiri. Miaka mingi baadaye daktari mmoja aliniambia kuna watu huzaliwa hisi zao zimeungana, na huo si ugonjwa wala si jini. Nikamwambia hilo nalijua. Nilipomuuliza kuhusu mgeni, alifunga faili akamwita mgonjwa mwingine.

Mpaka leo sionyeshwi njia na mtu kabla hajaongea nikaiona rangi yake. Utupu ule nimeusikia tena mara moja, kwenye hoteli ya chai Garissa, nyuma yangu, ukiniuliza ninaelekea wapi. Sikugeuka.

Kwa hiyo mtoto wako akikuambia sauti ya shangazi yake ni kijani, usimwitie mtu. Muulize yako ni rangi gani. Na siku atakapokuambia mgeni aliye mlangoni hana rangi, ficha ufunguo.