Sauti ya Jodi Brandvold

Wifi yangu Jodi ana sauti ya kuamuru. Kwa miaka kumi na tisa amekaa ofisi ya barabara ya wilaya yetu hapa Decatur, Illinois, akiwaongoza kwa simu ya upepo madereva wa magari ya kusukuma theluji. Wanaume wenye ndevu na vitambi vyao hawathubutu kumjibu. Akisema rudi ukapite tena daraja la Sangamon, unarudi, hata kama kahawa yako imepoa. Mimi nimeolewa na kaka yake, Curt, kwa hiyo sauti hiyo naijua hata nikiwa usingizini, na sioni haya kusema kwamba mara nyingine imenichosha.

Lakini kabla ya theluji, Jodi aliimba.

Ilikuwa mwaka tisini na tano. Jodi alikuwa na miaka ishirini, Curt ishirini na miwili, na rafiki yao Wade alikuwa na gitaa la besi ambalo hakulimaliza kulijua. Siku hizi Wade anafuga nyuki huko Oregon na hapokei simu za mtu. Walijiita Ngazi ya Nyuma. Jodi alipiga gitaa na kuimba, Curt alikaa kwenye ngoma. Muziki wao ulikuwa emo, yaani roki ya vijana waliovaa sweta za babu zao na kupiga kelele kuhusu mioyo yao. Nilikuwa nikienda kumtazama Curt, si kusikiliza. Walipiga kwenye vyumba vya chini ya nyumba za watu, pembeni ya mashine za kufulia, na mara mbili kwenye ukumbi wa wastaafu wa vita. Watu thelathini walisimama wamekunja mikono kifuani, kwani hivyo ndivyo watu wale walivyoonyesha kwamba wamependa.

Kujionyesha, kwao, kulikuwa kosa kubwa kuliko wizi. Bendi nzuri ilipiga ikiwapa watu mgongo. Walipotoa santuri yao pekee, ndogo, nyimbo nne, nakala mia tatu, majalada tuliyakata kutoka mifuko ya karatasi ya dukani, tukayapiga muhuri juu ya meza ya mama yangu. Hakukuwa na picha. Hakukuwa na jina la mtu, isipokuwa anwani ya barua nyuma: C. Brandvold na namba ya sanduku la posta, kwa sababu sanduku lilikuwa la Curt. Kwenye santuri yenyewe hawakuandika hata kasi ya kuichezea. Nyimbo zilikuwa fupi, zikakatwa kwa mizunguko arobaini na tano kwa dakika, na sote tulijua, kwa hiyo nani angeandika? Walijivunia kutojivunia, nami niliwaambia siku ile ile kwamba huo ni ujinga.

Ngazi ya Nyuma iliishi miezi kumi na moja. Wade alihama, Curt akapata kazi kiwandani, na baba yao akapatwa na kiharusi. Jodi alibaki nyumbani kumlisha na kumgeuza kitandani kwa miaka sita. Baba alipofariki, gitaa lilikuwa limeshauzwa na Jodi alikuwa anatafuta kazi. Sikumsikia akilalamika, na wala hakuimba tena, hata jikoni.

Vuli iliyopita Curt alipata barua pepe ndefu kutoka kwa kijana mmoja wa Chicago, Brennan Tully, mwenye kampuni ndogo ya santuri. Alieleza kwamba miaka kumi na minne iliyopita aliokota santuri ya Ngazi ya Nyuma kwenye boksi la vitu vya bure, akaiweka mtandaoni, na sasa kuna watu hadi Japani na Brazili wanaoipenda kufa. Anataka kuitoa upya. Je, Curt bado anayo kanda asili ya studio? Na je, ni kweli, kama wapenzi wote wa bendi wanavyoamini, kwamba yeye Curt ndiye mwimbaji? Mume wangu husoma mistari mitatu ya kwanza tu ya kila kitu. Na watu wa huku hatupendi kumkatalia mgeni. Alijibu, "Ndiyo, sawa. Karibu Jumapili."

Brennan alikuja baada ya ibada, kijana wa miaka thelathini na ushei, mpole, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nilikuwa nimeoka nyama na viazi, na jeli ya kijani yenye karoti ndani, na aliila jeli yote, kwa hiyo nilimpenda. Jodi alileta pai. Curt alikuwa ameshaitoa kanda kwenye sanduku lake la zana za kuvulia samaki kwenye barafu, akaiweka mezani kati ya chumvi na siagi. Brennan hakuweza kuacha kuitazama.

Alitoa mfano wa jalada jipya, lenye picha ya muhuri wetu wa zamani, atuonyeshe. Lingeenda kuchapwa Jumatano. Nililisoma kabla ya wengine: *Sauti: Curt Brandvold.* Nilimtazama mume wangu, naye akatazama viazi vyake.

"Na wewe, dada Jodi," Brennan aliuliza kwa adabu, "ulikuwa unawasaidia?"

"Nilikuwepo," Jodi alisema.

Hajalisoma jalada bado, nikajua. Kabla sijafungua mdomo, Brennan alikuwa ameshaweka simu yake mezani na kubonyeza.

Ulitoka wimbo mzito, wa polepole, ngoma zikianguka moja moja. Kisha akaimba mwanamume. Alikuwa na sauti ya chini, ya mtu aliyechoka sana, anayembembeleza mtu asiondoke. Ulikuwa mzuri, siwezi kudanganya. Ila sikuwa nimewahi kumsikia mtu huyo maishani mwangu.

"Nani huyo?" Curt aliuliza.

Brennan alicheka kidogo, akidhani ni utani. "Si wewe, kaka?"

"Mimi? Hata kanisani nasogeza midomo tu. Muulize mke wangu, Lorna."

Jodi aliweka uma chini. Aliinamia simu, akaomba uanzishwe tena, akasikiliza hadi mwisho amefumba macho. Halafu akalivuta jalada na kulisoma. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Maneno ni yangu," alisema. "Niliyaandika mwenyewe, nimekaa bafuni kwa baba. Uliichezea kwa mizunguko mingapi?"

"Thelathini na tatu. Haikuandikwa. Nyimbo mbili kila upande, nikaona lazima iwe hiyo."

"Ni arobaini na tano, mdogo wangu. Ukiizungusha polepole, hata sauti ya msichana inashuka ikawa ya mwanamume."

Brennan alianza kueleza kwamba haiwezekani, kwamba ngoma, kwamba watu wameandika kurasa na kurasa kuhusu ule upole wake. Mimi nilishaondoka mezani. Sebuleni kuna gramafoni ya marehemu mama, ambayo hufunguliwa Krismasi tu. Nilimwambia aniletee nakala yake, ile aliyoileta ili Curt aitie saini, nikaiweka, nikasukuma kidude cha kasi kwenye arobaini na tano.

Jodi wa miaka ishirini aliingia sebuleni kwangu. Magitaa yalikimbia, Curt alizipiga ngoma kwa nguvu ya kijana asiye na maumivu ya mgongo, na juu yake ile sauti kali, nyembamba, yenye hasira na karibu kucheka. Maneno yalikuwa yale yale, ombi lile lile la usiondoke. Lakini yule mwanamume alikuwa anaomba, na Jodi hakuwa anamwomba mtu. Alikuwa anamwonya. Nililia, mimi ambaye muziki ule sikuwahi kuupenda, kwa sababu nilikumbuka miaka sita ya kile kitanda cha baba na nikaelewa ni nani aliyekuwa amekaa pale akigeuza mashuka.

Santuri ilipoisha Brennan alikuwa amekaa sakafuni. Alisema baba yake alifariki majira ya baridi aliyoipata santuri ile, na kwamba sauti ile ya mwanamume ndiyo iliyomwinua kitandani kila asubuhi. Hakuwa analaumu mtu. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa amefiwa tena.

Tukarudi mezani, na hapo akatoa wazo lake. Toleo la polepole libaki kama lilivyo, kwa kuwa ndilo watu wanalolijua na kulipenda. Lile la kweli liwekwe mwisho, kama nyongeza, na jina la Jodi chini yake. Kila mtu atakuwa ameridhika.

"Sawa, hiyo ni..." Curt alianza.

"Curt, nyamaza," Jodi alisema, na madereva wote wa wilaya wangenyamaza.

Aliweka kiganja chake juu ya kanda. Hakupaza sauti. "Nisikilize, Brennan. Pole kwa baba yako, nasema kwa moyo wote. Sisi tulificha majina yetu tukidhani ndiyo unyenyekevu. Bendi za wavulana zilifanya hivyo hivyo, na hazikupoteza kitu, kwa sababu kila mtu alijua tu kwamba ni wavulana. Mimi nilipoficha langu, mkaweka mwanamume mahali pangu. Hamkuwa na nia mbaya. Mlimpata kwenye sanduku la posta."

"Watu watakasirika, dada. Wanampenda yule."

"Wampende. Hayupo. Kanda hii itaondoka hapa kama nitasikika mimi mwanzoni, katikati na mwisho, kwa kasi tuliyopiga, na jina langu mbele, herufi za kusomeka. La sivyo inarudi kwenye samaki."

Nilimtazama Brennan, na kwa sekunde kadhaa sikujua atachagua nini. Alikuwa amekuja kilomita karibu mia tatu kwa ajili ya mtu ambaye sasa alitakiwa kumzika. Kisha akachukua kalamu, akakata jina la mume wangu kwenye jalada, akamsukumia Jodi aandike lake mwenyewe. Jodi aliandika kubwa mno, likafunika muhuri. Brennan alitoka barazani kuwaachia wachapaji ujumbe wa simu wasimamishe kila kitu. Tulimwona kupitia dirishani akifuta pua kwa mkono wa sweta. Curt alisema, pole pole, kwamba yeye alidhani anaulizwa kuhusu kanda. Nilimpa kipande kikubwa cha pai kwa sababu ni mume wangu.

Santuri ilitoka mwezi wa nne. Jumamosi iliyofuata Jodi alikuja jikoni kwangu na miwani yake ya kusomea, tukafungua mtandao kuona watu wanasemaje. Wachache walifurahi. Wengi hawakufurahi hata kidogo. Mmoja alisema inasikika kama mtu amekanyaga mkia wa paka. Mwingine alisema afadhali wangeacha ukweli ulale. Nikasoma moja baada ya nyingine, na kila niliposoma nilizidi kupandwa na hasira, mpaka nikafika kwa mwanamume wa Ohio aliyeandika: "Miaka kumi na minne nimeishi na wimbo huu. Sasa amekuja Jodi Brandvold, mwanamke wa Decatur, kauharibu wote."

Nilianza kuandika jibu ambalo kanisani wasingelipenda. Jodi alinishika mkono.

"Mwache, wifi."

"Nimwache? Anakutukana."

"Ndiyo. Mimi." Alikuwa anatabasamu, na si tabasamu la kujikaza. "Nisomee tena hiyo ya huyo wa Ohio. Anzia kwenye jina."