Shikamoo Niliyoipokea Kisimani

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alishuka kisimani kuopoa ndoo, hakupanda tena kwa miguu yake. Walimpandisha watu. Hapo ndipo dhiki ilipoanza, na skuli yangu ikaishia hapo, darasa la tatu. Nayasema haya mwanzo ili mjue kwamba sikusoma vitabu, na asiyesoma vitabu hana pa kuibia uongo. Haya yamenifika mwenyewe. Tena haikuwa usiku, msije mkasema nliota. Ilikuwa jua la utosi, kweupe.

Mimi ni mchimba visima. Nlianza kwa kubeba kifusi cha watu, nikaja nikawa fundi, na hakuna aliyenishika mkono.

Mwaka jana alinijia dukani kwangu Darajani msichana wa chuo, jina lake Ramla, anasoma mambo ya miamba na mazingira. Alitaka kujua bahari imeingia kiasi gani chini ya ardhi yetu, kwa kupima chumvi katika visima vya zamani. Visima hivyo wanaovijua ni wazee tu. Nikamwambia, umefika.

Siku tatu tulizunguka. Alikuwa na utepe mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu, mwisho wake kidude cha chuma. Kikigusa maji kinalia, na kioo kinaonesha nambari ya chumvi. Mie nateka kwa ndoo, naonja kwa kiganja.

"Haya yamegeuka," namwambia. "Mwaka wa pili au wa tatu huu."

Anatazama kioo chake, anacheka. "Kweli yamegeuka! Lakini mzee, ulimi wako nitauandikaje kwenye ripoti? Hauna nambari."

"Andika fundi kasema."

Siku ya nne, kwenye orodha yake kulikuwa na kisima kimoja cha huko maweni, kusini, nyuma ya mashamba. Ndicho kilichomuua baba. Miaka hamsini sikuwahi kupakanyaga. Mngekuwa nyinyi mngesema? Mie niliona haya kumwambia mtoto wa kike kwamba fundi mzima naogopa shimo. Nikachukua mkoba wangu, tukaenda.

Tulifika karibu na adhuhuri. Mdomo wa kisima umeota vichaka. Nikafyeka, Ramla akateremsha utepe wake. Haukulia. Alipouvuta ukakataa, kidude kimenasa kwenye jiwe huko chini. Akavuta, nikavuta, wapi. Ramla akakaa kitako juu ya mawe akaanza kulia bila ya sauti. Chombo ni cha chuo, kimoja tu, wanafunzi wanapokezana. Kikipotea, utafiti wake umekwisha na mwaka wake umekwenda.

"Usilie. Nashuka," nikasema.

Sasa sikilizeni, maana kosa liko hapa. Sie wachimbaji tuna ada: kisima kilichokaa bila ya kutekwa hushuki mpaka uteremshe koroboi inayowaka. Ikizimika, basi huko chini hewa imekufa, na wewe utakufa. Koroboi nlikuwa nayo mkobani. Lakini miaka mingi nshaacha kuiwasha. Nainama mdomoni mwa kisima, nanusa, nasema pako salama. Nani wa kunikosoa? Nikafunga kamba kwenye shina la mti, ncha ya pili kiunoni kwangu.

"Shikamoo, mzee."

Sikumsikia akija. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, kifua wazi, kikoi kiunoni, amerowa chapachapa. Begani kachukua kiopoo, ule mti wenye ndoana ya chuma wa kuopolea vitu visimani. Akainama, akaushika mkono wangu wa kulia akaubusu, kama wafanyavyo wenye adabu. Mdomo wake ulikuwa baridi.

"Marahaba," nikajibu, wala sikumtazama usoni. Nlikuwa nakaza fundo. Watu wananiamkia kutwa. Nikimtazama kila mmoja, kazi nitafanya saa ngapi?

"Taa imeteremshwa?" akauliza.

Nikapanda hasira. "We kijana, mie naingia visimani kabla hujazaliwa!"

"Na mie nilisema hivyohivyo," akasema. Polepole, bila ya kejeli. Kisha akamgeukia Ramla. "Bi mdogo, mzuie mzee wako. Awashe taa kwanza."

Ramla akafuta macho. "Kwani wewe kisima hiki unakijua?"

"Nimekichimba mimi. Kina chake pima nane. Maji yake matamu."

Nikasikia Ramla anamuuliza jina aliandike daftarini. Jibu sikulisikiliza, nlishainamia mkoba natafuta koroboi, niwaoneshe wote wawili kwamba fundi ni nani. Nikaiwasha, nikaiteremsha. Pima ya kwanza inawaka. Ya pili inawaka. Ya tatu ikazimika. Nikaipandisha, nikaiwasha tena, ikazimika palepale.

Niaminini, sikuogopa. Sikuhisi kitu chochote. Nlijua tu kwamba saa ile ningekuwa maiti, kama mtu anavyojua leo ni Jumanne.

Nlipogeuka, yule mtu hayupo. Kiopoo kimeegemezwa mtini. Juu ya mawe kulikuwa na nyayo za maji, zimetoka mdomoni mwa kisima mpaka niliposimama. Za kuondoka hazikuwapo.

Tukakifunga kiopoo kwenye kamba, mara ya tatu kikanasua chombo. Ramla akateremsha upya, kikalia. Chumvi tupu.

"Yule mtu kaenda wapi?" akaniuliza.

"Sijui. Kakwambia anaitwa nani?"

Akafungua daftari, akasoma. Jina la baba yangu, na la babu yangu.

Baba yangu mzazi kaniamkia. Kanibusu mkono. Nami nimempokelea kama mtoto wa jirani. Sikulia. Nilikunja kamba, tukarudi mjini.

Sheikh mmoja kaniambia maiti harudi, yule ni jini kajivika sura. Sibishani naye, yeye kasoma. Lakini ni jini gani huyo anayemzuia mtu asife?

Tangu siku ile mkono wangu wa kulia una ganzi. Daktari kauchoma sindano, sikuhisi, na ugonjwa hakuuona. Nashika gilasi ya chai ya moto, sijui kama ni ya moto. Ramla kamaliza chuo, akaniletea ripoti yake. Kwenye ukurasa wa kisima kile kaandika jina la mchimbaji. Nilitazama, nikaifunga ripoti.

Basi nawaambia nyinyi mnaoshuka mashimoni: washeni taa, hata mkiwa mafundi wa mafundi. Na ukiamkiwa, mtazame mtu usoni kabla hujapokea. Hujui nani kakuinamia.

Leo nna nyumba ya matofali Mtoni, duka la mabomba Darajani, pampu tatu, minazi arubaini, mkono mmoja unaohisi, na kiopoo kisicho changu. Nimekiweka nyuma ya mlango. Mwenyewe akija kukitaka, safari hii ntawahi mimi kumwamkia.