Breki za Gari-Nyumba la Mjomba

Aliyetuandikia ameomba jina lake tubaki nalo sisi. Msomeni mpaka mwisho, anasubiri maneno yenu.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, naishi Morogoro, ni fundi magari. Chuo sijasoma, nimejifunza kwa macho na kwa kuungua vidole. Mwandiko mnisamehe.

Mjomba wangu alipunguzwa kazi kiwandani. Kiinua mgongo chake chote akaenda nacho mnadani, sisi tukajua atarudi na pikapu ya biashara. Karudi anavutwa na trekta, yumo ndani ya gari-nyumba! Gari kuukuu la kizungu, limenizidi umri, lina vitanda viwili, jiko la gesi, sinki, mapazia ya maua. Mtaalamu mmoja wa mradi alilitelekeza akarudi kwao, likakaa bohari miaka na miaka, panya wanazaliana kwenye magodoro. Mjomba akanishika bega: "Mpwa, siku hizi kila kitu ruksa. Wazungu wanakwenda Mikumi, watalala humu. Lifufue, dereva utakuwa wewe."

Jamani, nililipenda lile gari! Paa nimeziba kwa lami, sakafu iliyooza nimeipiga bati, kabureta nimeifungua sijui mara ngapi. Mafundi wenzangu pale Msamvu walikuwa wananicheka: "We fundi nyumba, leo unapiga lipu au unapaka chokaa?" Siku lilipowaka wakaacha kazi zao, wakaja kulizunguka. Nikajiona hakuna fundi kama mimi.

Zikabaki breki. Raba za silinda, zile zinazozuia oili isivuje, zilikuwa zimekufa, ukizigusa zinameguka kama biskuti. Nikaenda Dar, nikazunguka Kariakoo siku mbili. Maduka yamejaa spea siku hizi, lakini za gari lile hakuna hata aliyezijua. Sasa ningerudije mikono mitupu? Nikachonga raba mwenyewe kwa wembe, kutoka kwenye tairi bovu. Nikatia oili ya breki, ikavuja. Nikakumbuka mafundi wakubwa wanavyosimulia miaka ile ya uhaba, walivyokuwa wanatia maji ya sabuni kwenye breki na magari yanatembea. Basi nikachemsha sabuni ya mche mpaka ikawa nzito kama uji, nikajaza. Pedali ikasimama ngumu, safi! Mjomba akauliza, "Raba umepata?" Nikajibu, "Mpya kabisa, mjomba, za Dar."

Hapo mjini, kwenye tambarare, lilikuwa linasimama vizuri tu. Wiki iliyopita nikalijaribu peke yangu njia ya Morningside, kule mlimani. Kupanda, sawa. Kushuka, nimekanyaga breki mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mara mguu ukazama mpaka chini kama nimekanyaga hewa. Napampu, hakuna kitu. Navuta hendibreki, waya ukakatika. Na mbele yangu kuna mama anateremka na tenga la kabichi kichwani! Nikapiga honi, nikapiga kelele, akajirusha mtaroni, kabichi zikabingirika barabarani. Nikalikwangua gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima mpaka likakwama. Yule mama akainuka anatetemeka: "We mwanangu, unaniangushia nyumba nzima, nimekukosea nini?" Nikamwokotea kabichi zake huku nalia. Nilipolegeza bomba la breki, lilitoa povu na mvuke: ile sabuni ilikuwa imechemka kwa joto. Nikalirudisha mjini kwa gia ya kwanza, mikwaruzo nikaipaka rangi mjomba asiione.

Sasa sikilizeni kinachonikosesha usingizi. Sisi ni Waluguru, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Mdogo wangu wa kike ni mwali, yuko ndani, na mwisho wa mwezi anapelekwa kwetu Matombo kuchezwa ngoma. Mwali njiani haonekani na watu. Mjomba kayatazama yale mapazia, furaha ikamjaa: "Mungu kanipa gari la mwali! Atakaa nyuma, bibi na kungwi wake pembeni, hakuna jicho litakalomfikia." Ukoo mzima umeshaambiwa. Na barabara ya Matombo wanaoijua wanaijua: inapanda, inashuka, huku mlima, huku korongo.

Nikamwambia starta imekufa. "Tutasukuma." Nikamwambia tukodi basi dogo. Akakunja uso: "Mwali akabanane na utingo? Umeanza lini kunipangia?" Juzi nikajikaza, nikaanza, "Shikamoo mjomba, zile breki..." Akanikata, "Si umefunga mpya?" Kulikuwa na wageni, akaninyanyua mkono juu kama bondia aliyeshinda: "Huyu ndiye mpwa wangu, injinia bila shule!" Wakapiga makofi. Na mimi nikacheka nao. Nilicheka, jamani!

Jana mdogo wangu kaniita kwa nyuma ya ukuta: "Kaka, eti humo mna kitanda? Mimi nitalala njia nzima, utaniamsha tukifika." Nimeondoka pale naona korongo tu.

Nikisema, nimemwaibisha mjomba mbele ya ukoo, na mimi ndiyo basi, atanifukuza na gari silishiki tena. Nikinyamaza, namwendesha mdogo wangu na bibi yangu kaburini kwa mkono wangu huu. Nimewaomba mfiche jina langu, lakini gari-nyumba Morogoro nzima liko moja tu! Na mke wa mjomba husoma ukurasa huu kwa sauti, nyumba nzima inasikiliza. Labda ndiyo maana nimeandika, sijui.

Nipeni akili zenu, dada zangu, kaka zangu, wazazi wangu: naanzaje kumwambia, kama bado hajasomewa? Na wewe uliyealikwa kumsindikiza mwali, ukiliona gari hilo linawashwa, usilipande.