Sukari Yangu Kwenye Simu ya Binti Yangu

Binti yangu ni muuguzi, anafanya kazi Maskati. Alipokuja likizo mara ya mwisho alivishika vidole vyangu, akaviona vimekuwa vigumu kwa kudungwa kila siku kupima sukari. Asubuhi ya kuondoka alinikalisha barazani, hapa kwetu Munje, akanipangusa mkono kwa spiriti juu ya kiwiko, akanibandika kidude cheupe kama kifungo cha koti. Nilisikia "tak", basi.

"Kitakaa siku kumi na nne," aliniambia. "Kinasoma sukari yako chenyewe, kinapeleka kwenye simu yako. Na mimi kule nitaiona kwenye yangu."

Gari likamchukua. Hata Likoni hajafika, simu ikalia.

"Mama, sukari inapanda. Umekula nini?"

Nilikuwa nimemalizia mahamri aliyoyabakisha sahanini mwake.

Zamani alinipigia Ijumaa tu, kwa haraka haraka. Wiki ile alipiga hata mara tatu kwa siku. Nikipika wali wa nazi, aliniuliza nimepakua vijiko vingapi. Nikikawia shambani na sukari ikashuka, aliniambia nikae kivulini nitafune tende. Nikawa natembea na simu kwenye mfuko wa dera, mkono juu yake.

Lakini mimi nimefundisha darasa la tatu miaka mingi, na somo nikilipata nalishika. Nilijua muhogo unanifanya nini, na kwamba nikitembea kidogo baada ya kula, mshale wa sukari kwenye simu unashuka. Siku ya nane namba zilitulia kwenye sita na saba, pale panapotakiwa. Na simu nayo ikanyamaza.

Siku ya kumi, baada ya adhuhuri, jirani aliniletea kaimati. Nilikula moja. Nikaitazama simu. Nikala nyingine, na nyingine, mpaka zikafika sita, shira ikinichuruzika vidoleni. Nilikijua nilichokuwa nakifanya. Nikakaa kuusubiri mshale.

Sukari ilipofika kumi na tano, simu ikalia.

"Shikamoo mama. Kuna nini? Umechoma insulini?"

"Marahaba mwanangu. Nimechoma. Nimekula kaimati."

"Ngapi?"

"Sita."

"Mama, umefanya makusudi?"

Ningeweza kumdanganya. "Nilikuwa na hamu nawe," nikamwambia.

Nilidhani atanigombeza. Badala yake nilimsikia akivuta kamasi. Kisha akawasha kamera, akanizungushia chumba chake. Miaka sita yuko kule, na sikuwahi kumwuliza analala wapi. Kitanda cha chuma. Msala umekunjwa juu ya mto. Dirisha linalotazama ukuta wa nyumba nyingine. Kwenye msumari imetundikwa kanga yangu, ile niliyoitafuta nyumba nzima mpaka nikakata tamaa.

"Niliichukua mimi," alisema. "Sijaifua."

Kisha akaniapisha kwamba sitarudia. Niliapa, na sijarudia.

Siku ya kumi na nne kidude kilizimika, nikakibandua. Huku kwetu kupata kingine si rahisi, kwa hivyo nimerudi kujidunga vidole. Daktari wangu wa Msambweni ameridhika nami. Anasema nimejifunza kula. Kila asubuhi namwandikia binti yangu namba ya kweli, hata ikiwa nzuri, hasa ikiwa nzuri. Yeye hupiga alasiri, kabla hajaingia zamu. Si kila siku. Asipopiga, mimi hukaa barazani na simu mapajani mpaka waadhini magharibi, nikijiuliza kama lile dirisha lake hufunguka.